Baada ya Daktari Kuvua Glavu

Kambi ya upasuaji wa moyo wa watoto inapomalizika, habari inayotufikia ni ya idadi: watoto kadhaa wamepasuliwa, mabingwa wageni wamerudi kwao. Idadi hiyo si ya kubezwa. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, takriban 8 au 9 wana kasoro ya moyo, na wengi ambao zamani wangesubiri safari ya India sasa hutibiwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini kupasuliwa si kupona. Kwa sehemu kubwa kupona huamuliwa baada ya daktari kuvua glavu, na mwamuzi ni muuguzi, ambaye picha za magazetini humwacha pembeni.

Mtoto hutoka chumba cha upasuaji akipumua kwa mashine, mirija kifuani ikitoa damu na majimaji. Moyo uliosimamishwa ili ushonwe huamka umechoka, na mara nyingi hudhoofu zaidi saa 6 hadi 12 baadaye, yaani usiku. Dalili zake ni ndogo: nyayo zimepoa, mkojo umepungua, mrija uliokuwa ukitiririka umekauka ghafla. Mzazi angeona kukauka huko ni heri; muuguzi aliyefunzwa hushuku donge limeziba mrija na damu inajikusanya na kuubana moyo. Hapo hakuna muda wa kumsubiri bingwa atoke nyumbani.

Ushahidi upo. Mpango wa kimataifa ulioratibiwa na Hospitali ya Watoto ya Boston ulikusanya takwimu za hospitali 28 katika nchi 17 zinazoendelea, kati ya 2010 na 2012. Mkazo ulikuwa usalama wa upasuaji, kuzuia maambukizi, na timu ambamo muuguzi ana sauti. Vifo na maambukizi vilipungua.

Atakayeuliza fedha za kuongeza na kufunza wauguzi zitatoka wapi, wakati katika wodi nyingine muuguzi mmoja ana wagonjwa tele, ana hoja. Ila gharama kubwa tumeshailipa kwenye meza ya upasuaji. Mtoto anayepata maambukizi hukaa na kitanda muda mrefu zaidi, na aliye kwenye foleni huendelea kusubiri. Wengine huhofia kwamba mama akikaribishwa kando ya kitanda ili muuguzi amfunze, ataleta vijidudu. Vijidudu hufuata mikono isiyooshwa, iwe ya mama au ya daktari. Tena mama ndiye atakayemhimiza mwanawe akohoe huku amekumbatia mto ili mapafu yafunguke, na ndiye anayepaswa kujua kwamba mtoto hanyanyuliwi kwa kwapa mpaka mfupa wa kidari uunge, wiki 6 hadi 8. Hayo hayafundishwi mlangoni siku ya kuruhusiwa.

Kwa hiyo taarifa ya kambi ijayo ituambie pia wangapi walikuwa hai siku ya 30, wangapi walipata maambukizi, na zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wangapi.