Ubaomama na Kasha la Kigeni

Kompyuta ya shule moja ya Wundanyi ililetwa kwa fundi mjini Voi: kasha limeliwa na kutu, ubaomama mzima. Fundi akanunua kasha la kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995. Matundu ya skrubu hayakulingana. Tena ubao ulidai plagi ya umeme ya pini 8, ilhali pawasaplai ya kasha jipya ina ya pini 24.

Reli mbili za Voi, ile kongwe ya milimita 1,000 na ile ya 1,435 iliyofunguliwa mwaka 2017, hazipokezani mabehewa. Walau tofauti hiyo ina maelezo ya kihandisi. Tundu lililosogezwa kidogo lina maelezo gani, enyi wenzangu mnaosomea usanifishaji? Naona ni hila ya kumfunga mnunuzi. Fundi anatoboa bati. Adapta imeagizwa Nairobi, na darasa linasubiri.