Difu ya Mtumba na Breki Zake: Wito kwa Majirani wa Kilakala

Jumamosi moja, kwenye gereji iliyo chini ya mwembe ninakopeleka pikapu yangu, fundi aliitundika dramu ya breki kwa kamba na kuigonga taratibu kwa spana. Ililia kama kengele ya shule, mlio ukachelewa kufa. Akaitundika ya pili, akaigonga vilevile. Hiyo ikatoa mlio mfupi, mzito, kama chungu chenye ufa. "Hii tusiifunge, mzee," akaniambia. Alipoisugua rangi kwa msasa tukauona ufa wenyewe, mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni na kuingia ndani kiasi cha upana wa kidole. Dramu zote mbili zilikuja na difu moja ya mtumba, zimepakwa rangi nyeusi ileile inayong'aa. Kwa macho zilikuwa pacha.

Ndugu zangu wa Kilakala, Bigwa na Kola hapa Morogoro, wenye magari, mafundi na abiria, nina ombi kwenu juu ya jambo hili.

Magari yetu ya kazi tunayajua. Ni pikapu au Hiace iliyokula miaka, inayopanda Kinole kufuata ndizi na nanasi, au inayokwenda Matombo na kurudi imejaa magunia, mikungu na watu. Mashimo na mzigo wa kupita kiasi vinakula difu: meno yanakatika, ekseli inapinda, nyumba yake inapasuka. Difu mpya bei yake haishikiki. Basi mwenye gari anachangachanga, anakwenda Dar es Salaam, Kariakoo au Ilala, anarudi na difu nzima ya mtumba ikiwa na dramu zake. Hela imeisha. Fundi anauliza, "Na breki je?" Jibu tumeshalisikia mara nyingi: "Funga hizohizo."

Sisemi kwamba kurudishia vifaa vilivyotumika ni kosa. Mimi mwenyewe gari langu linaishi kwa mtumba, na bila mtumba nusu ya mizigo ya milimani isingefika sokoni. Sahani inayobeba breki, vyuma vya hendibreki, virekebisho, na dramu yenyewe ikiwa nzima na iko ndani ya kipimo, vyote hivyo ni chuma. Vinaoshwa, vinasuguliwa kutu, vinafungwa na kufanya kazi miaka mingine. Anayekwambia utupe kila kitu anakula hela yako bure. Lakini kuna vitu ambavyo havirudishwi, na hapo ndipo ninapowaomba tusimame pamoja.

Raba kwanza. Mpira wa breki unaoning'inia kati ya bodi na difu ununuliwe mpya, pamoja na washa zake za shaba. Wili silinda ifunuliwe raba yake ya nje, ile ya kuzuia vumbi: ukikuta unyevu chini yake, hiyo inavuja tayari, hata kama haijadondosha tone. Difu iliyokaa miezi melini na uani, breki zake hazijakanyagwa hata mara moja, mara nyingi ina kutu ndani ya silinda, na kutu hiyo inachana raba mpya ndani ya wiki chache. Na tafadhali, raba hizi zisioshwe kwa petroli, dizeli wala oili. Zinavimba. Maji ya breki yenyewe ndiyo ya kuzioshea.

Kisha shuzi. Sili ya ekseli ikivuja, oili ya difu inaingia kwenye shuzi. Nimeona watu wakiziosha kwa petroli, wakizianika juani, hata kuzipitisha kwenye moto, kisha wakazifunga. Laini ya shuzi imeshakunywa oili kama andazi linavyokunywa chai. Ukiteremka na kupiga breki, joto linaitoa oili nje tena, na tairi hilo halishiki. Shuzi za namna hiyo hazina dawa. Weka sili mpya, weka shuzi mpya, na ziwe mpya pande zote mbili, kwa sababu breki inayoshika upande mmoja tu inalivuta gari kwenda pembeni, na pembeni kwetu ni bonde.

Kuhusu dramu niseme kwa kirefu kidogo, maana ndiyo inayotudanganya. Dramu nyingi huandikwa kiwandani kipenyo chake cha mwisho. Dramu ya pikapu iliyoanza na milimita 254, kwa mfano, kikomo chake huwa 256. Ni milimita 2 tu! Hakuna jicho linaloweza kuona milimita 2 kwenye duara la ukubwa huo, hata jicho la fundi aliyezeekea gereji. Dramu iliyopita kikomo imekuwa nyembamba: inapata moto upesi, inatanuka mbali na shuzi, pedeli inazama, na mwisho wake ni kupasuka. Kuikereza kunaondoa makorongo lakini kunaila zaidi, kwa hiyo ipimwe kabla ya kupelekwa kwa fundi kerezo na ipimwe tena ikirudi. Madoa ya buluu ndani yake yanaeleza kwamba ilishawahi kuungua.

Kuna tabia moja zaidi, ya kuchagua kizuri kutoka huku na huku: dramu ya kulia ya difu iliyonunuliwa, ya kushoto ya difu kuukuu, silinda moja ya hapa na nyingine ya pale. Naielewa, ni akili ya mtu asiye na hela. Lakini difu mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na silinda za vipenyo tofauti na dramu za upana tofauti, na hapo kulia na kushoto hazitasaidiana tena. Hata shuzi nzuri iliyozoeana na dramu yake, ukiihamishia nyingine, inagusa kwa ncha tu. Kama ni lazima urudishie shuzi ambazo bado ni nene na kavu, zihame na dramu zake.

Halafu kuna kile kifito cha chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye kifaa kilichofungwa chini ya bodi. Pikapu nyingi zinacho. Kazi yake ni kupima gari limebeba kiasi gani na kugawa nguvu ya breki za nyuma. Difu ikibadilishwa hufunguliwa, na mara nyingi huishia kufungwa kwa waya wa kuezekea. Fundi, kirudishe mahali pake. Bila hicho, gari tupu linateleza mkia kwenye utelezi wa masika, au lenye shehena linaziachia breki za mbele kazi yote.

Na breki zikishafunguliwa, maji yake yabadilishwe yote, upepo utolewe. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa kiwango cha DOT 3, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Dereva anayeteremka mlima mrefu huku ameachia gari frii, mguu haubanduki kwenye pedeli, anafika huko mapema. Yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke hubonyea tu, pedeli ikazama.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni mkoani Arusha, lori lililofeli breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Sijui kilichokuwa ndani ya breki za lori lile, na siwezi kumhukumu aliyelitengeneza. Ninachojua ni kwamba breki za gari langu na lako zinafunguliwa hapahapa mtaani, mchana kweupe, na kinga yake iko mikononi mwetu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani, lakini trafiki hawezi kuona ndani ya dramu. Anayeona ni fundi na mwenye gari, siku ile moja tairi limetolewa.

Kwa hiyo naomba haya. Mwenye gari, kabla hujapanda basi kwenda kununua difu, tenga kando hela ya shuzi, sili, raba na maji ya breki, na usiiguse. Hela ya difu ikipungua, inunue wiki mbili baadaye. Muuza spea, shuzi iliyokwisha au iliyolowa oili ikate kwa msumeno, isirudi mezani. Abiria, ukimsikia dereva anapampu pedeli mara mbili tatu ndipo gari lishike, mwambie kwa heshima, na ushuke. Vijana wa gereji, msipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za zamani zilikuwa na asbesto, na mapafu yenu hayana spea. Limwagieni maji kwanza, mlifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Na kwa mafundi wote wa mtaa: tuchange tununue kipimo kimoja cha dramu, kikae gereji moja, kila fundi akiazime bila malipo. Mimi nimeshatoa sehemu yangu. Ile dramu yenye ufa fundi hakuiuza chakavu. Bado imetundikwa kwenye mwembe, na kando yake ipo nyingine iliyochakaa lakini haina ufa. Ukiwa na mpango wa kubadilisha difu, pita kwanza uzigonge zote mbili, uzisikilize.