Samaki wa Mwambani, Sebuleni Eldoret

Mtu wa pwani akihamia bara huchukua awezacho: mkeka, mbuzi ya kukunia nazi, chetezo na udi. Siku hizi wako na watakao kuichukua bahari yenyewe, wakaiweka sebuleni katika sanduku la kioo. Hatuna ugomvi nao. Lakini yuko samaki mmoja ambaye twaona yafaa aombewe.

Ni yule mdogo wa mwambani, asiye na magamba, mwenye utelezi. Maji yakipwa yeye hayafuati. Hubaki juu ya jabali lililolowa, akapumua kwa ngozi na kwa matamvua, na ukimkaribia huruka kwa mkia kutoka kidimbwi hadi kidimbwi, kisha akajitia tunduni. Chakula chake ni ukoga wa mawe. Dume ndiye alindaye mayai. Mwaka 1959 mtaalamu J.L.B. Smith wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, aliandika juu ya jamii yake katika bahari yetu hii hii.

Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari. Usiku wake ni wa baridi, na umeme ukikatika maji ya sandukuni nayo hupoa. Hewa ni nyepesi, hata maji hushika oksijeni pungufu kwa kadiri ya sehemu moja katika tano. Chumvi ya jikoni haifai kitu, na maji yakipungua kwa mvuke huongezwa maji matamu, kwani chumvi hubaki.

Hayo yote yana dawa dukani. Lisilouzwa ni maji kujaa na kupwa. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti yake hupita mita 3. Sanduku lililojaa pomoni humnyima samaki huyu nusu ya maisha yake. Usiku ataruka, nawe umkute asubuhi amekauka chini ya kochi. Mwenye kumfuga na ajaze nusu tu, jabali litokeze juu ya maji, na mdomo wa sanduku ufunikwe kwa wavu.

Wako watakaotutajia Abu Umair na kijindege chake, na ni kweli wanazuoni wametoa humo ruhusa ya kufuga. Wasimsahau basi yule mwanamke aliyemfungia paka.

Asiyeweza hayo na apande basi na wanawe, washuke Mombasa siku za mwezi mpevu, maji yakipwa waende mwambani. Samaki wenyewe watawakuta wapo, wakirukaruka.