NYOKA HANA MWENYEWE?
Neno kuhusu wakata nyasi wa Kibaha na Kisarawe

Ndugu waumini, na ninyi hasa mliokabidhiwa uongozi wa Halmashauri za Walei na wa Jumuiya Ndogondogo,

"Nyoka hana mwenyewe." Ndivyo wanavyojibiwa vibarua wanaokata na kufunga majani ya ng'ombe katika Kibaha na Kisarawe, pale mmoja wao anapoumwa na wenzake wakamwendea mwenye shamba kuomba nauli ya kumfikisha hospitalini. Jibu hilo hutolewa kwa upole, pengine pamoja na neno la pole na noti moja mkononi, na upole huo ndio uliolifanya lidumu. Sisi tunalikataa. Tunataka kusema wazi kwa nini tunalikataa, na nini kitendeke kabla masika haijakatika na makwanja hayajaanza kunolewa.

Asiyeijua kazi hii huidhania nyepesi, kwa kuwa unyasi mmoja hauna uzito. Majani hukatwa baada ya mvua, yakiwa yanaanza kuchanua na kabla hayajawa magumu. Huanikwa juani siku mbili au tatu, yakigeuzwa kwa uma au kwa mikono mitupu. Kisha hutiwa katika sanduku la mbao lisilo na kitako, kibarua akiyashindilia kwa miguu yake mwenyewe, na hufungwa kwa kamba ya katani. Robota moja huweza kufika kilo 15 hadi 20. Penye trekta na mashine ya kufungia kazi ya kukata hupungua, lakini kuokota marobota, kuyapakia na kuyapanga ghalani hubaki kazi ya mgongo na viganja. Sehemu kubwa ya shehena hiyo huishia kwa ng'ombe wa maziwa wa Dar es Salaam, na wengi wetu tunaokunywa chai ya maziwa asubuhi hatujawahi kujiuliza imeanzia mikononi mwa nani.

Malipo ni kwa robota, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtu anayelipwa kwa idadi hana nafasi ya kupiga majani kwa fimbo kabla ya kuinama, wala ya kugeuza mkungu kwa uma kabla ya kuukumbatia. Kila dakika ya tahadhari hukatwa katika chakula cha wanawe. Kisha akiumwa husemwa kwamba hakuwa mwangalifu!

Husemwa pia kwamba lilikuwa jambo la ghafla. Hebu tulitazame neno hilo. Majani yenye mbegu huvuta panya. Panya huvuta nyoka, na wa kwanza wao ni moma, ambaye wengine humwita kifutu. Nyoka huyu hakimbii asikiapo hatua za mtu kama wafanyavyo wengine; huitegemea rangi yake, akatulia tuli hadi mguu umkanyage. Majani yaliyoanikwa na kulala shambani humpa kivuli mchana na joto usiku, na anayeyaokota kwa mikono huokota na kilichomo. Ghalani ni vivyo hivyo: panya huhamia katika marobota, na swila huwafuata, naye aweza kurusha sumu machoni mwa mtu kabla hajamgusa. Hatujasema habari ya nge, tandu, siafu na nyuki. Katika Kisarawe, ambako mashamba mengi yanapakana na misitu ya Pugu-Kazimzumbwi na Ruvu Kusini, viumbe hawa wana makao ya kudumu hatua chache tu kutoka sandukuni. Jambo linalotokea kila msimu, mahali palepale, kwa sababu zilezile, haliitwi la ghafla. Linaitwa hatari ya kazi, na hatari ya kazi ina mwenyewe: ni yule anayeipata faida ya kazi hiyo.

Tuongeze jambo dogo ambalo wazee wa shamba hulijua. Wakataji wengi huanza pembezoni wakizunguka kuelekea katikati. Wanyama wote husukumwa katika kipande cha mwisho: sungura, kwale aliyelalia mayai, mtoto wa paa ambaye mama yake amemficha na kumwamuru, kwa silika, asitikisike. Huko katikati ndiko makwanja yanakokata miguu ya watoto wa wanyama, na ndiko nyoka aliyezingirwa anakogeuka kuuma. Kuanza upande mmoja na kukata kuelekea porini, ili viumbe wapate njia ya kutoka, hakuhitaji hata senti moja. Kunahitaji msimamizi anayejali. Na huyo mtoto wa paa, kibarua akimchukua kwenda naye nyumbani, ameingia katika makosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa kuwa hana kibali. Ajabu ni kwamba mnyama wa shambani humpata mwenyewe upesi sana anapokuwa mkononi mwa maskini.

Wapo watakaotuambia kwamba hawa si waajiriwa, ni watu wa kutwa, hawana mkataba. Tunawasihi wasome sheria kabla ya kuitumia kama ngao. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, humhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, au kwa vifaa alivyopewa na mwingine, au ikiwa riziki yake inamtegemea huyo. Nani anayetoa sanduku na kamba? Nani anayeonyesha pa kukata? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kumkinga mfanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015, inamtaka mwajiri achangie, si mfanyakazi, naye aliyeajiriwa kwa mdomo hakutupwa nje ya sheria hiyo. Haki imekwisha kuandikwa, lakini haijateremka hadi Mlandizi, Soga, Maneromango na Mzenga.

Jirani zetu wa Kenya walithubutu zaidi. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilimweka nyoka mwenye sumu katika orodha ya wanyama ambao madhara yao hulipwa fidia na serikali. Madai yakawa mengi, na miaka michache baadaye nyoka akaondolewa katika orodha. Wenye kubeza husema hilo lathibitisha kwamba haiwezekani. Sisi twaona limethibitisha jambo jingine: kwamba walioumwa walikuwa wengi kuliko wakubwa walivyodhani, na hawakujulikana kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahesabu.

Na dunia nzima ilichelewa kuwahesabu. Ilikuwa mwaka 2017 tu ambapo Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, ingawa kwa makadirio yake huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na kuwaacha wengine karibu mara tatu ya hao na viungo vilivyokatwa au ulemavu wa kudumu. Dawa moja iliyotegemewa Afrika, iliyotengenezwa na kampuni ya Kifaransa, iliacha kuzalishwa mwaka 2014. Wanunuzi wake hawakuwa na fedha, basi sokoni hawakuwa watu.

Ndugu, someni Matendo ya Mitume, sura ya 28. Mtume Paulo, mfungwa aliyeokoka baharini, anakusanya kuni pale Malta. Nyoka anatoka katika mzigo na kumng'ata mkono. Waliokuwapo hawaulizi habari ya kuni wala ya moto ambao wote wanauota. Wanaamua papo hapo kwamba mtu huyu lazima awe mwuaji. Si hivyo tunavyosikia hata leo katika vijiji vyetu? Aliyeumwa ana deni, ametumiwa, amekiuka mwiko. Maneno hayo humfaa sana mwenye shamba, kwa sababu yakishaanza hakuna atakayeuliza habari ya buti.

Twasema pia, kwa kuwa linaua: usimchanje aliyeumwa, usimnyonye jeraha, usimfunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi la nyoka, ambalo hata wamisionari walilisambaza, halivuti sumu. Mvue pete na bangili, mlaze, mtulize, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, apelekwe hospitali. Aliyerushiwa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi mara moja, kisha naye apelekwe.

Kibaha lipo shamba la serikali la Vikuge, la mbegu za malisho na majani makavu. Mwaka 1986 lilipokea kutoka Ugiriki msaada wa dawa za kuulia wadudu, nyingine zikiwa zimepitwa na wakati. Banda lililozihifadhi likaporomoka, sumu ikaingia ardhini, na baadaye watafiti wakaikuta katika udongo na katika majani yenyewe. Tunalikumbusha kwa sababu moja: katika nyasi, anayezishika kwa mikono ndiye wa mwisho kuambiwa kilichomo.

Tunajua pingamizi moja lenye uzito. Wafugaji wengi si matajiri. Ni mjane mwenye ng'ombe wawili, ni mwalimu mstaafu. Kweli. Lakini ng'ombe huyo akivimba tumbo usiku, daktari wa mifugo huitwa kabla ya mapambazuko, na fedha hupatikana, hata kwa kukopa. Hatudai kwa kibarua zaidi ya anachopata ng'ombe anayemlishia. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, hakuchagua mfano wa mbali alipowaonya wenye mali: aliwataja hasa waliovuna mashamba yao, na kilio cha ujira wao kilichozuiliwa.

Basi tunaomba Halmashauri za Walei zifanye haya. Kila muumini anayeajiri wakata nyasi, na kila nyumba ya kitawa inayofuga, atoe buti za mpira, glavu ngumu na uma, na alipe siku ya kukata kwa kutwa, si kwa robota. Nauli ya dharura iwekwe mkononi mwa msimamizi asubuhi, kabla ya kazi kuanza. Wajumbe wawili waende Hospitali ya Tumbi, na wawili hospitali ya wilaya Kisarawe, waulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, na kama haipo iliagizwa lini. Kila Jumuiya iandike idadi ya walioumwa wakiwa kazini msimu uliopita, mahali walipoumiwa na nani aliyelipia matibabu yao. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Karatasi hizo zimfikie katibu wa Tume parokiani kabla ya mwisho wa mwezi wa Aprili, kwa kuwa Mei majani yatakuwa tayari.