Gary Lineker: Mfungaji asiyepewa kadi uwanjani, na bei ya kipaza sauti kutoka London hadi Palma

Katika miaka yake yote ya soka ya kulipwa, Gary Lineker hakuwahi kuonyeshwa kadi ya njano wala nyekundu. Adhabu zilizomfika zilikuja baadaye, alipokwisha kuvua njumu na kuketi mbele ya kamera. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ni wachezaji wachache ambao maisha yao yameuthibitisha msemo huo kama yeye.

Tarehe 25 Mei 2025 aliendesha kwa mara ya mwisho kipindi cha Match of the Day cha BBC, baada ya zaidi ya robo karne. Kuondoka kwake kumeacha swali linalovuka mipaka ya Uingereza: mtu anayeaminiwa kwa sababu ya mabao yake ana uhuru kiasi gani wa kuzungumzia mambo mengine? Swali hilo lina uzito wa aina yake katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, ambako kipaza sauti kimewagharimu watangazaji zaidi ya ajira.

Mabao yaliyojenga jina

Lineker alizaliwa Leicester mwaka 1960 na kuanza soka katika klabu ya mji huo. Mwaka 1985 alihamia Everton, na baada ya msimu mmoja tu akasajiliwa na Barcelona. Katikati ya safari hiyo kulikuwa na Kombe la Dunia la 1986 nchini Mexico, ambako alifunga mabao sita na kutwaa Kiatu cha Dhahabu.

Mashabiki wa Afrika wanamkumbuka zaidi kwa usiku wa Julai 1, 1990, mjini Naples. Cameroon, timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia, ilikuwa ikiongoza kwa mabao 2-1 zikiwa zimesalia dakika chache. Lineker alisawazisha kwa mkwaju wa penalti, kisha akafunga mwingine katika muda wa nyongeza. England ilishinda 3-2, na bara zima likaingia katika majonzi.

Alistaafu timu ya taifa akiwa na mabao 48 katika mechi 80, bao moja pungufu ya rekodi ya wakati huo ya Bobby Charlton. Klabu yake ya mwisho ilikuwa Nagoya Grampus Eight ya Japan.

Kutoka uwanjani hadi studio

Wachezaji wengi wanaoingia katika utangazaji huketi upande wa wachambuzi, wakaulizwa maoni na kujibu. Lineker alichagua kazi ngumu zaidi, ile ya kuuliza, kuongoza mjadala na kulinda muda. Mwaka 1999 alimrithi Des Lynam, mtangazaji aliyeheshimika sana, na hatimaye akawa mtangazaji anayelipwa zaidi BBC, akipata zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka.

Shirika la umma halikumlipa kwa ufasaha wake peke yake. Lililipia imani. Mtazamaji aliyemwona akifunga dhidi ya Argentina au Cameroon alikuwa tayari kumsikiliza. Ugumu wa biashara hiyo ni kwamba imani haifungwi ndani ya dakika 90. Anayeaminiwa akizungumzia mpira husikilizwa pia akizungumzia siasa.

Kadi ya kwanza

Machi 2023, Lineker aliukosoa kwenye mtandao wa Twitter mpango wa serikali ya Uingereza wa kuwazuia wahamiaji wanaovuka bahari kwa boti ndogo, akifananisha lugha iliyotumika na ile ya Ujerumani ya miaka ya 1930. BBC, inayogharimiwa na ada ya leseni na kubanwa na sharti la kutoegemea upande wowote, ilimwondoa hewani.

Ian Wright na Alan Shearer, nao washambuliaji wa zamani, waligoma kuonekana. Watangazaji wa mechi wakafuata. Jumamosi ya Machi 11 kipindi kilirushwa kwa takriban dakika 20 bila mwendeshaji, bila uchambuzi wala sauti ya kusimulia mechi. Siku mbili baadaye ilitangazwa kuwa Lineker angerejea, na mkurugenzi mkuu Tim Davie akaomba radhi kwa usumbufu uliotokea. Septemba mwaka huo miongozo mipya ilitolewa kwa watangazaji wa vipindi vikubwa visivyo vya habari.

Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa tofauti. Mei 2025 alisambaza chapisho lililoukosoa Uzayuni likiwa na picha ya panya, mnyama aliyetumiwa na propaganda za Wanazi kuwadhalilisha Wayahudi. Alilifuta, akasema hakuiona picha hiyo, na akaomba radhi. Safari hii hakukuwa na mgomo wa kumtetea. Aliondoka mapema kuliko ilivyopangwa, na kuikosa nafasi ya kutangaza Kombe la Dunia la 2026.

Mwanga hafifu wa Palma

Tangu Oktoba 2017, wapiganaji wenye itikadi kali walipoishambulia Mocímboa da Praia, pwani ya kutoka Macomia hadi mto Ruvuma imeishi katika vita. Mamia ya maelfu ya watu wamekimbia makazi yao. Miongoni mwa wasemaji wa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, redio ya jamii ni chombo cha karibu kuliko magazeti ya Maputo. Katika redio ndogo za aina hiyo, aghalabu mtangazaji mmoja hufanya kazi nyingi: leo anasoma matokeo ya mpira, kesho matangazo ya afya, keshokutwa habari za kijiji kilichochomwa.

Januari 2019, Amade Abubacar, mwandishi wa redio ya jamii ya Nacedje wilayani Macomia, alikamatwa alipokuwa akifuatilia habari za familia zilizokimbia mashambulizi. Alizuiliwa hadi Aprili. Aprili 7, 2020, Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alimtumia mwenzake ujumbe kwamba amezingirwa na wanajeshi. Baada ya hapo alitoweka.

Hakuna uwiano kati ya visa hivi na mkasa wa Lineker, na kuvilinganisha kana kwamba ni sawa kungekuwa kuwadhulumu waliotoweka. Lineker alipoteza kipindi. Alibaki na jina, mali na majukwaa mengine. Mtangazaji wa Palma hakuwa na mabao 48 ya kumkinga, wala wenzake mashuhuri ambao mgomo wao ungetikisa taifa.

Sauti ni ya nani?

Hata hivyo, visa vyote vinarudi kwenye jambo moja. Mtangazaji hutumia imani ya wasikilizaji, na imani hiyo si mali ya mwajiri peke yake, wala si ya serikali, wala si ya mtangazaji kuitumia apendavyo. Ndiyo maana London ilihitaji miongozo: kanuni iliyoandikwa humlinda msikilizaji dhidi ya upendeleo, na humlinda mtangazaji dhidi ya hasira ya wakubwa.

Mvutano wa Machi 2023 ulimalizwa kwa mazungumzo, kuomba radhi na kanuni mpya, na kila hatua ilijulikana kwa umma. Katika pwani ya Cabo Delgado, familia ya mtangazaji wa redio bado inasubiri kuelezwa aliko.