Wito kwa Watu wa Nkoaranga: Mwili Upumue, Moyo Useme

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakaelekezwa Kingori, ambako wengi walikataa kukaa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York na kuueleza Umoja wa Mataifa habari hiyo, na kesi ya ardhi ya Wameru ikaingia katika historia ya kudai uhuru wa Tanganyika. Hayo tunawasimulia watoto wetu, tena kwa fahari. Ardhi ilipata mtetezi. Usingizi wa watoto walioziona nyumba zao zikiwaka haukupata, na aliyekuwa mtoto siku zile, kama bado yupo nasi, ni mzee sana leo.

Tumeumia tena baada ya hapo. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent liliporomoka bondeni Rhotia, Karatu, likachukua uhai wa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ulifurika waombolezaji. Nani anayetushinda sisi kwa siku za mwanzo za msiba? Tunachanga, tunapika, tunachimba kaburi, kwaya inaimba hadi sauti zinakauka. Matanga yakishaanuliwa, kila mtu anarudi kwenye migomba na kahawa yake, na mfiwa anabaki na kuta nne. Wapo pia wenye majeraha ambayo hayapati hata hayo matanga: mama anayepigwa, mtoto aliyeharibiwa na mtu wa karibu, kijana wa bodaboda aliyemwona mwenzake akifa barabarani na kesho yake akawasha pikipiki kama kawaida.

Kwa ajili yao naleta ombi: kila wiki, kwa muda wa saa moja na nusu, ukumbi mmoja hapa Nkoaranga ufunguliwe. Nusu ya kwanza iwe yoga, yaani kunyoosha viungo na kupumua kwa utaratibu. Nusu ya pili iwe mashairi.

Mtu mwenye kiwewe huambiwa ajikaze, asahau. Akili huweza kutii; mwili hautii. Upepo ukiubamiza mlango, moyo humwenda mbio, mabega hupanda, pumzi hufupika na kukwama kifuani, ilhali yeye mwenyewe anajua kuwa ni upepo tu. Hapo mawaidha hayatoshi, kwa sababu kinachoogopa hakisikii mawaidha. Ndiyo maana wataalamu wameanza kupitia njia ya mwili. Bessel van der Kolk na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha mwaka 2014 utafiti wa wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa sugu. Kundi moja lilifanya yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 10. Jingine lilipewa mafunzo ya afya. Mwishoni, asilimia 52 ya kundi la yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa wa kiwewe, na katika kundi la pili asilimia 21. Yoga haikuwaponya wote, na sisemi mtu aache dawa wala asiende hospitali. Anayefikiria kujidhuru apelekwe hospitali leo, asisubiri siku ya ukumbi.

Najua swali litakaloulizwa kanisani. Yoga imetoka India, na huko imefungamana na dini. Sitaki kumficha mchungaji yeyote jambo hilo. Ninachoomba sisi tufanye ni kuinua mikono, kuinama, kulala chali juu ya mkeka na kuhesabu pumzi. Hakuna nyimbo za ibada ngeni, hakuna sanamu. Jina likileta kelele, tuite mazoezi ya pumzi. Mbona wageni hulipia kufanya hayohayo kwenye hoteli za watalii, huku wakiutazama mlima wetu?

Mashairi hayahitaji kutetewa hivyo, ni mali yetu. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya andiko lililouliza nchi inakwenda wapi. Alikaa miaka mitatu, muda mwingi peke yake. Aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki. Shaaban Robert naye alipofiwa na mkewe Amina, alimtungia shairi la maombolezo. Huko Bukavu, Kongo, katika Hospitali ya Panzi ya Dk. Denis Mukwege, wanawake waliobakwa vitani hutunga nyimbo za yaliyowapata na kuzirekodi, na kazi hiyo ni sehemu ya matibabu yao.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo linalofunga yoga na ushairi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane. Jaribu kuughani. Huwezi kuufikisha kwenye kina cha mwisho kwa pumzi ya mtu aliyetishika. Lazima uvute hewa, uitoe polepole, utue katikati, ndipo umalizie. Malenga wa pwani walifanya mazoezi ya pumzi karne nyingi bila mkeka.

Masharti yawe machache, lakini yashikwe. Asilazimishwe mtu kusoma alichoandika. Akitaka kukichana, akichane. Asifumbe macho asiyetaka, maana kwa wengine giza ndilo lenye hofu. Anayeongoza asimguse mtu bila kumwomba ruhusa. Mlango ubaki wazi, na yatakayosemwa humo yasipelekwe sokoni Tengeru. Anayetaka kutunga kwa Kimeru atunge kwa Kimeru. Bibi asiyejua kuandika aghani, mjukuu ashike kalamu.

Mteremko huu wa Mlima Meru umewahi kuwapokea waliojeruhiwa kutoka mbali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi kambini Tengeru baada ya mateso ya Siberia, na makaburi ya waliofia hapa bado yapo. Kama tuliweza kuwapa hao mahali pa kutulia, sioni kinachotuzuia kupata ukumbi mmoja kwa ajili ya jirani.

Walimu wa Kiswahili wa sekondari, tunawahitaji kwa vina na mizani. Manesi mliostaafu, kaeni karibu na mlango mtambue nani anahitaji kupelekwa kwa daktari. Vijana mliojifunza yoga mahotelini, leteni mlichojifunza. Malipo yatakuwa ndizi na maziwa, msitegemee zaidi. Akina baba, njooni pia, maana nyie ndio mnaojikaza kuliko wote. Kila mmoja aje na khanga au mkeka, daftari na kalamu. Wazee wa kanisa, walimu wakuu na ofisi ya kata, kwenu naomba siku moja tu ya wiki: mkiitaja, tutaitangaza Jumapili baada ya ibada na msikitini Ijumaa.