Dawa ya saratani yenye asili ya Afrika Mashariki: kwa nini bado iko mbali na Kaberebere?

Mwaka 1972, mkemia Mmarekani Morris Kupchan na wenzake walitangaza kwamba wameipata, ndani ya mmea wa jamii ya Maytenus uliotoka Ethiopia, kemikali inayoua seli za saratani hata ikiwa kidogo mno. Waliiita maytansine. Kwa kuwa mmea huo ulitoa kiasi haba, watafiti waligeukia ndugu yake, Maytenus buchananii, unaoota Shimba Hills, kusini mwa pwani ya Kenya. Tani kadhaa zilivunwa kwa ajili ya maabara za Marekani.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, Februari 2013, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti iliyobeba kemikali ya ukoo huo: trastuzumab emtansine, inayouzwa kwa jina la Kadcyla. Hata hivyo, kwa mwanamke wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale anayepitia Kaberebere kwenda hospitali ya rufaa ya Mbarara, dawa hiyo ni kama haipo.

Sumu iliyopewa anwani

Maytansine yenyewe ilishindwa. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1970 na 1980, iliwadhuru kabla ya kuuangamiza uvimbe. Kemikali hiyo huvuruga nyuzi ndogo ambazo seli huzihitaji inapogawanyika, na haitofautishi seli mgonjwa na seli nzima. Kupchan alifariki mwaka 1976, kabla ya fumbo hilo kuteguliwa.

Aliyelishughulikia kwa miaka mingi ni mkemia wa dawa Ravi Chari, katika kampuni ya ImmunoGen ya Massachusetts. Mwaka 1992, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuifunga sumu hiyo kwenye kingamwili, yaani protini inayotambua alama maalumu juu ya seli. Kazi ya mkemia hapo ilikuwa kuunda kiungo kisichokatika ndani ya damu, lakini kinachoiachia sumu itende kazi pindi seli ya saratani inapoimeza.

Katika Kadcyla, alama inayotafutwa ni HER2, protini inayozidi kiasi katika takriban saratani moja kati ya tano za matiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 991 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea, ulionyesha kuwa nusu ya waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 30.9, ikilinganishwa na miezi 25.1 kwa waliopewa matibabu ya kawaida ya wakati huo.

Historia hiyo ina onyo. Mmea uliotoa dawa hii haufai kuchemshwa na kunywewa. Bila kingamwili ya kuiongoza, kilichomo ni sumu.

Kipimo hutangulia dawa

Bei kubwa ni kikwazo kinachojulikana. Kilicho kimya zaidi ni kipimo. Dawa yenye kulenga haina maana kwa mgonjwa ambaye alama yake haijulikani: lazima sampuli ya uvimbe ichukuliwe, ihifadhiwe vizuri, ipelekwe kwenye maabara ya patholojia na kupimwa HER2. Kila hatua inahitaji nauli, muda na mtu wa kufuatilia majibu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mkimbizi nchini Uganda ana haki ya kupata huduma za msingi za afya. Saratani huijaribu haki hiyo, kwa sababu matibabu yake huvuka kituo cha afya cha makazini, huvuka Mbarara, na mara nyingi huishia katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Misaada ya kimataifa ilipopunguzwa mwaka 2025, safari ndefu za rufaa zilizidi kuwa ngumu kugharimiwa.

Dalili za matumaini zipo. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumab, kingamwili inayoibeba sumu hiyo, katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa toleo la kwanza la bei nafuu. Toleo hilo halina sumu ya Maytenus, lakini linailenga alama ileile. Kipimo cha HER2 kikifika Mbarara na kubaki hapo, ndicho kitakachoamua nani anufaike.

Nani analipwa?

Leo sumu ya Kadcyla hutengenezwa kutokana na zao la bakteria. Miti ya Shimba Hills haihitajiki tena. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014 na ambayo Kenya na Uganda zimejiunga nayo, inataka nchi yenye mimea ipate sehemu ya faida. Lakini uvunaji ule ulifanyika miongo kadhaa kabla yake.

Ndiyo maana utafiti wa mitishamba katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara una uzito kupita mipaka ya chuo. Kanda yenye mimea bila wakemia itaendelea kuuza magunia ya majani na kununua chupa za dawa. Mkemia anayesomeshwa Mbarara, na maabara inayoweza kumpa mgonjwa wa Nakivale jibu kabla uvimbe haujaenea, ni mahitaji mawili yanayostahili kupangwa katika bajeti moja.